Jinsi ya kujua Microsoft watakimbilia teknolojia gani kabla hujalipia kozi

Kila mwaka kuna kitu kipya kinapigiwa kelele, juzi blokucheni, jana metaverse, leo akili mnemba, na vijana wa IT wanauliza wasome kipi. Kama kazi unayoitaka inaegemea Microsoft, achana na kelele, jifunze hawa jamaa huwa wanaamuaje, na bahati nzuri baadhi ya nyaraka zao za ndani zimeshatoka nje kupitia kesi za mahakamani.

Anza na hela zinakotoka. Windows, Office na klaudi yao Azure (wanakodisha kompyuta zao kupitia mtandao), hao ndio ng'ombe wa maziwa. Trendi ikija uliza, hii inamtishia huyu ng'ombe au inamlisha? Kama hakuna kati ya hayo basi wataionyesha jukwaani watu wapige makofi, halafu baada ya miaka unasikia imeachwa. Miwani ya HoloLens ilionyeshwa 2015, kufika 2024 wakaacha kuitengeneza.

Sasa tafuta hofu iko wapi, hapa ndio penyewe. Soma waraka wa Bill Gates, mwanzilishi mwenza na bosi wa Microsoft wakati huo, wa tarehe 26 Mei 1995 kuhusu intaneti. Anasema kaperuzi masaa 10 hajaona hata faili moja la Word, yaani bosi mwenyewe kakaa anatafuta alama ya kampuni yake huko mtandaoni, hola! Agosti mwaka huo huo kivinjari chao Internet Explorer kikatoka, na hawakukianza kutoka sifuri, walijengea juu ya programu ya kampuni ya Spyglass waliyolipia leseni.

Halafu linganisha na emaili ya Juni 2019, iliyokuja kujulikana 2024 kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google. Kevin Scott, mkuu wa teknolojia wa Microsoft, anawaandikia bosi wake Satya Nadella na Gates kwamba ana wasiwasi sana, wameachwa miaka kadhaa kwenye kufundisha modeli kubwa za akili mnemba, na anatoa mfano wa Gmail inavyokumalizia sentensi. Nadella akamuingiza kwenye emaili hiyo mkuu wa fedha, Amy Hood, akamwambia hii ndio sababu nataka tufanye hili jambo. Mwezi uliofuata dola bilioni 1 zikatangazwa kwenda OpenAI, kampuni iliyokuja kutoa ChatGPT.

Umeona zinavyofanana? Ni miaka 24 katikati ila mwendo ni ule ule, mkubwa anaona mwenzake katangulia, anashtuka, anachukua cha mtu aliyeshaanza. Kwa hiyo usihangaike kutafuta nani kavumbua, angalia wananunua nini na wanaingia ubia na nani. Walivyonunua GitHub, mtandao ambao madevelopa wanahifadhi na kushirikiana kodi za programu, 2018 kwa dola bilioni 7.5 ilikuwa wazi kabisa kwamba wanawataka madevelopa, wakiwemo wale wa Linux, mfumo huria unaoshindana na Windows, ambao Microsoft ilikuwa inawapiga vita zamani.

Bosi naye muangalie. iPhone ilipotoka 2007 Steve Ballmer, bosi wa Microsoft wakati huo, aliicheka bei yake, Windows Phone ikaja 2010, wakanunua biashara ya simu ya Nokia 2014, na 2015 wakafuta kwenye vitabu dola bilioni 7.6 kama hasara. Mimi naamini shida haikuwa akili, walikuwa nazo, shida ni kwamba kila kitu kilitakiwa kimlinde Windows. Nadella kashika usukani Februari 2014, Machi Office ikawa kwenye iPad ya mshindani wao Apple.

Hotuba za jukwaani zisikilize ila usizitegemee. Mwaka wao wa fedha unaisha 30 Juni, ripoti yake iko wazi kwa kila mtu, fungua sehemu ya matumizi ya majengo na mitambo uone hela inaelekea wapi, maana data senta, yaani majengo ya kompyuta zinazoendesha klaudi, huwezi kuijenga kwa maneno.

Na dalili za kuachwa zisikupite. Silverlight, programu yao ya kuonyesha video na vitu vya kuchezesha ndani ya kivinjari, ilitoka 2007, toleo la 5 la mwaka 2011 ndio likawa kubwa la mwisho, lakini kuizima rasmi ni Oktoba 2021. Miaka kumi hiyo! Kwa hiyo kabla ya kulipia kozi angalia toleo jipya la mwisho lilitoka lini, na kama wao wenyewe wanaitumia ndani ya Office au Azure. Kama matoleo yamesimama na wao hawaitumii, hela yako kaa nayo kwanza.