Somo: Kupanga safari ya vuli ya kutazama ndege, kutoka Malindi hadi visiwa vya Lamu

Somo hili ni la mtu mwenye siku saba baina ya Septemba na Novemba, anayetaka kuwaona ndege wa pwani kwenye mafungu, mikoko na vijisiwa vya Malindi, Watamu na Lamu. Wengi hukata tiketi kwanza, wakishafika ndipo wanauliza maji yanajaa saa ngapi. Hapo nusu ya safari imeshapotea. Ndege hawa hula maji yakipwa na hupumzika maji yakijaa, mchana na usiku. Panga maji kwanza, kisha nauli na malazi.

Hatua ya 1: Chagua mwezi

Vitwitwi kutoka Siberia huanza kuteremka Agosti. Wakubwa hutangulia, na baadhi yao bado wana rangi ya kutu kifuani. Makinda wa mwaka huo hufuata Septemba na Oktoba. Mla kaa, Dromas ardeola, naye hurejea kuanzia Agosti baada ya kuzaa kwenye mashimo ya mchangani huko pwani za Uarabuni na Pembe ya Afrika. Ni mweupe na mweusi, miguu mirefu ya buluu-kijivu, mdomo mnene kama koleo. Mtazame vizuri, mara nyingi utaona kinda wa kijivu akimfuata mzazi na kumlilia chakula. Jike hutaga yai moja tu, na malezi huendelea hata baada ya safari.

Septemba kusi bado inavuma na bahari ya nje ni nzito. Novemba mvua za vuli zinaweza kukushika njiani. Wiki mbili za katikati ya Oktoba ndizo bora: upepo umelegea, ndege wengi wameshafika, na mashua inaweza kutoka nje ya miamba bila shida.

Hatua ya 2: Soma maji

Pwani yetu maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku hukawia kwa wastani wa dakika 50. Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa sana, huja mwezi ukiandama na ukipevuka, au siku moja mbili baadaye. Maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, huja katikati yake. Anayefuata kalenda ya Kiislamu hahitaji hesabu kubwa: bamvua ni karibu na tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17, maji mafu karibu na tarehe 8 na 22.

Sasa shika hili, maana ndilo litakalokupangia safari nzima. Siku za bamvua maji hujaa karibu saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa karibu saa nne. Siku za maji mafu ni kinyume: hujaa karibu saa nne na kupwa karibu saa kumi. Kwa hiyo ukijua mwezi umefika wapi, unajua saa ya maji hata kabla ya kufungua jedwali. Kisha hakikisha kwa jedwali la maji la Kilindini, na ukiwa Lamu muulize nahodha, kwani zinapishana kidogo.

Mfano: Oktoba 2026 mwezi unaandama tarehe 10 na kupevuka tarehe 26. Anza safari tarehe 10 au 26.

Hatua ya 3: Gawa siku

*Siku ya 1 hadi ya 3, Malindi na Watamu.* Asubuhi nenda mdomo wa mto Sabaki, kaskazini kidogo ya Malindi. Fika kunapopambazuka. Shakwe na buabua hulala kwenye mafungu ya mchanga, na mara nyingine heroe husimama kwenye maji mafupi. Usivuke kijito chochote kwa miguu: Sabaki una viboko na mamba. Tope la ukingoni nalo humeza mguu hadi gotini. Tena mto huu hubeba mvua ya bara, basi unaweza kufurika na Malindi kukiwa hakujanyesha hata tone.

Alasiri ni ya Mida, hori yenye mikoko karibu na Watamu. Kaa upande wa barabara ya Mombasa–Malindi, ambako wenyeji wana daraja la mbao ndani ya mikoko na kibanda cha kutazamia. Kutoka upande huo unatazama mashariki: asubuhi jua linakupiga machoni na kila ndege ni kivuli cheusi, alasiri jua liko mgongoni mwako. Siku ya bamvua ingia kibandani saa saba na nusu. Saa nne asubuhi ndege walikuwa wametawanyika mbali, vidoadoa tu. Kuanzia saa nane maji yanawasukuma kwako, na kila dakika tope linavyopungua, wanasogeleana. Saa moja na nusu ya mwisho kabla maji hayajajaa ndiyo yenye thamani. Hapo ndipo utamwona kitwitwi mwenye mdomo uliopinda juu na miguu ya rangi ya chungwa, Xenus cinereus, akikimbia ameinama kama aliyedondosha kitu, akimfukuza kaa. Maji yakishafunika tope lote wanaruka kwenda kulala. Usiondoke bado. Subiri magharibi, keremkerem wekundu wa kaskazini hurudi mikokoni kulala.

*Siku ya 4, njiani.* Malindi hadi Mokowe kwa basi ni zaidi ya kilomita 200, kupitia Garsen na Witu, kisha boti hadi Amu, yaani mji wa Lamu. Ukienda kwa ndege, unashuka kisiwani Manda. Usipange kutazama chochote siku hii.

*Siku ya 5 hadi ya 7, Lamu.* Angalia hesabu ilivyogeuka: bamvua imepita, sasa maji yanajaa karibu saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kesho yake saa moja na kitu. Hiyo ndiyo saa ya Takwa, magofu ya mji wa kale upande wa pili wa Manda. Mkondo wa Takwa hupitika maji yakiwa yamejaa tu. Ondoka Amu kabla ya alfajiri kutakata, ingia mkondoni maji yakiwa bado yanapanda, na uwe umetoka saa moja unusu baada ya kujaa. Ukichelewa, chombo kinakaa juu ya tope katikati ya mikoko hadi maji ya jioni.

Siku nyingine tembea ufuo wa Shela maji yakipwa. Vitwitwi weupe, Calidris alba, hukimbizana na mawimbi pale penye unyevu. Ya mwisho iache kwa kijisiwa cha Manda Toto, bahari ikiwa imelala. Ikiwa haijalala, baki ndani ya Manda.

Hatua ya 4: Chombo

Mashua ya watu sita inafaa watazamaji wanne. Ndani ya mikoko mashine izimwe na nahodha atumie pondo. Kabla ya kukubaliana bei mwulize mambo matatu: maji yanajaa saa ngapi kesho, chombo kinahitaji kina gani, na jaketi okozi ziko ngapi. Asiyejibu la kwanza papo hapo, tafuta mwingine. Mkubaliane pia kwamba saa za kuondoka ni za maji, ili asikungoje hotelini saa tatu.

Ada za hifadhi ya bahari ya Watamu hulipwa kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya. Lipa ukiwa bado una mtandao mzuri, na uhifadhi risiti kwenye simu.

Hatua ya 5: Vifaa

Darubini ya 8x42 yatosha. Ile ya 10x inatikisika sana chomboni. Teleskopu ni ya kibandani na ufuoni. Juu ya maji ni mzigo. Baada ya saa tatu asubuhi joto hufanya hewa icheze juu ya tope, hapo kukuza zaidi ya mara 30 hakukupi kitu.

Maji ya kunywa lita tatu kwa mtu kwa siku. Viatu vilivyofunika vidole, kwani chaza wa kwenye mizizi ya mikoko hukata kama wembe. Kwenye maji mafupi buruta miguu, usiinue: samaki aina ya taa hujifukia mchangani na mwiba wake ni mkali. Chumvi huharibu lenzi ukiifuta kavu. Imwagie maji yasiyo na chumvi kwanza, kisha futa.

Hatua ya 6: Kukaribia

Kundi lililopumzika lianzie kulitazama ukiwa mita 100. Sogea hatua kumi, simama, hesabu hadi 60. Vichwa vikiinuka vyote, umefika mwisho. Wakianza kutembea, rudi nyuma. Wengi wao wametoka safari ndefu, wamekonda na wanabadilisha manyoya ya mabawa. Kila wanaporushwa wanachoma mafuta ambayo hawajayarudisha.

Maswali ya wanachama

Juma, Mombasa: Nina Jumamosi moja tu, na ni siku ya maji mafu. Nije Mida au nisubiri?

*Jibu:* Njoo, lakini badilisha saa. Maji yatajaa karibu saa nne asubuhi, basi ingia saa moja. Jua litakuwa mbele yako, kwa hiyo tazama ndege walio pembeni, si wa katikati. Maji mafu hayafuniki tope lote, na ndege hawasukumwi karibu kama siku za bamvua. Faida yake ni kwamba wanaendelea kula kutwa nzima.

Bi Esha, mwalimu, Lamu: Shikamooni. Nina wanafunzi 12 na darubini mbili. Nifanyeje?

*Jibu:* Marahaba, Bi Esha. Wagawe watatu watatu: mmoja anatazama, mmoja anaandika, mmoja anahesabu kwa macho, na wabadilishane kila dakika kumi. Azima mbili zaidi ili kila kundi liwe na yake. Anza na ndege wakubwa: sululu, kulasitara, yangeyange. Mtoto akianza na vitwitwi wadogo hukata tamaa mapema.

Salim: Wale vitwitwi wawili wa mchangani, mkubwa na mdogo, nawatofautisha vipi? Wote wa kijivu.

*Jibu:* Usitegemee ukubwa akiwa peke yake. Pima mdomo kwa macho: ulaze kichwani kuanzia shinani mwa mdomo kwenda nyuma. Kwa mkubwa unapita ukingo wa nyuma wa jicho, kwa mdogo haupiti. Miguu ya mkubwa ni mirefu na ina kijani kilichopauka, ya mdogo ni myeusi-myeusi. Wakisimama pamoja utaona pia kichwa kizito cha mkubwa. Wenye tope miguuni waache mpaka waoge.

Nahodha wa Shela: Wageni wanataka kushuka kwenye vijisiwa vya buabua wapige picha za mayai. Nikikataa wanakwenda kwa mwingine.

*Jibu:* Kaka, kataa, na uwaeleze sababu. Buabua wakiruka, yai linabaki kwenye jiwe la moto na hufa kwa dakika chache; shakwe na kunguru humaliza lililobaki. Kwa Whale Island kule Watamu, msimu wa kuzaa ni takriban Juni hadi Oktoba. Zunguka kwa mbali, mashine ikiwa taratibu, upande wa chini ya upepo. Buabua wenyewe watapita juu ya chombo wakiwa na samaki mdomoni, na picha hiyo ni nzuri kuliko ya yai.

Mwanaidi: Na Kiunga? Nasikia kuna vijisiwa vingi kuliko kwingine.

*Jibu:* Ni kweli, hifadhi ya bahari ya Kiunga ilitangazwa 1979 na ina vijisiwa karibu 50, na baadhi yake ni mazalio makubwa ya buabua. Lakini iko karibu na mpaka wa Somalia. Usiiweke kwenye ratiba kabla ya kuzungumza na KWS, shirika la wanyamapori la Kenya, na maofisa wa usalama wa Lamu, na wakisema hapana iwe hapana.

Omari, Watamu: Nikiona pete ya rangi mguuni, niandike nini?

*Jibu:* Mguu upi, wa kulia au wa kushoto kwa ndege mwenyewe. Juu au chini ya goti. Rangi kuanzia juu kwenda chini. Herufi au namba kama zipo. Tarehe, saa na mahali. Ukikosa moja andika "sikuona", usikisie. Peleka A Rocha Kenya, shirika la uhifadhi, wako hapo Watamu. Orodha yako ya ndege wengine itumie Kenya Bird Map, mradi wa ramani ya ndege wa Kenya: orodha kamili yahitaji angalau saa mbili za kutazama ndani ya mraba mmoja wa ramani hiyo, na unaweza kuiongezea hadi siku tano.