Ukienda kusikiliza hadithi Arusha, wahi mbele na ubebe shuka

Wapenzi wa hadithi za jukwaani na matamasha ya utamaduni, Juni hadi Agosti hapa Arusha bebeni shuka au sweta nzito. Ulaya wako kwenye joto, sisi ndiyo baridi yetu, na jua likishazama uwanja wa wazi hauvumiliki kwa fulana.

Kubwa zaidi ni pa kukaa. Wahi ukae mbele, mbali na spika. Mtambaji mzuri hasimulii kwa mdomo tu: mkono unageuka mkonga wa tembo, sauti inashuka Sungura anapomnong'oneza Fisi, na ukiwa nyuma hayo yote yanakupita. Watoto watandikieni mkeka huko huko mbele. Akiita "Paukwa!", itikieni "Pakawa!" kwa nguvu, maana hadhira ikiwa baridi hata fanani hodari hupoa, na hadithi inakosa utamu kwa sababu yetu. Simu zimeni kabisa, jamani.

Usafiri wa kurudi panga mapema na bodaboda au bajaji unayemfahamu. Usiku daladala hupungua.