Uwatu kwa mwenye kisukari aina ya 2: kuandaa, kunywa na kupima

Mwarobaini, karela, mlonge na kokwa za zambarau zote husifiwa kwa kisukari. Sisi tunatanguliza uwatu, kwa kuwa ni chakula kilichozoeleka na kazi yake inaeleweka. Mbegu zake zina ute mwingi unaofanya chakula kuwa kizito tumboni, hivyo wanga wa ugali au wali husagwa polepole na sukari huingia kwenye damu kidogo kidogo. Uwatu hauponyi kisukari, wala hauchukui nafasi ya vidonge au insulini.

Nunua mbegu nzima. Unga wa kienyeji uliochanganywa tayari huwezi kujua una nini: baadhi ya dawa za mitishamba za kisukari zimekutwa zimetiwa kwa siri vidonge vya hospitali vya kushusha sukari kama glibenklamidi. Dawa ya mizizi inayoshusha sukari siku ile ile itilie shaka.

Asubuhi, chambua mawe, osha kijiko kimoja cha chai cha mbegu (gramu 4 hivi), zitie kwenye glasi, mimina robo lita ya maji yanayochemka, funika. Maji ya moto huua vijidudu vingi vinavyokuja na mbegu na kuharakisha kulainika. Kufika mchana zitakuwa zimevimba. Zitafune au zisage, unywe pamoja na maji yake unapoanza kula. Usitie asali wala sukari.

Wengi huchuja, wakanywa maji na kutupa mbegu. Hapo wametupa sehemu kubwa ya ute, ambao ndio unaotafutwa. Wengine hubwia unga mkavu, ambao huvimba na unaweza kukwama kooni.

Tumechagua mchana kwa sababu ute huo huweza kuchelewesha vidonge pia, na wanaotumia metfomini (kidonge cha kisukari) wengi huinywa asubuhi na jioni. Acha walau saa 2 kati ya uwatu na dawa yoyote. Baada ya wiki moja, kama tumbo halijai gesi na huharishi, ongeza hadi vijiko 2. Jasho na mkojo kunukia uwatu si tatizo.

Bila kipimo utakuwa unabahatisha. Kwa siku 3 kabla ya kuanza, kula mchana chakula kile kile, kiasi kile kile, upime sukari ya damu saa 2 baadaye na kuandika. Rudia hivyo hivyo ukiwa na uwatu. Tofauti isipoonekana baada ya wiki kadhaa, acha.

Anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi azungumze na daktari kabla ya kuanza, maana sukari inaweza kushuka mno. Ukitetemeka, ukitoka jasho jembamba au kipimo kikiwa chini ya 4.0 mmol/L, kunywa maji yenye vijiko 3 vya chai vya sukari, pima tena baada ya dakika 15, na urudie kama bado iko chini. Mgonjwa asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu, akimbizwe hospitali.

Mjamzito asitumie uwatu kama dawa, kwani huweza kuchochea mji wa mimba. Anayetumia warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda) asiuguse bila idhini ya daktari, kwa hatari ya kutokwa damu. Mwenye mzio wa karanga au dengu auepuke, kwani mimea hii ni jamii moja.

Usipunguze kidonge hata kimoja kwa sababu namba zimependeza. Baada ya miezi 3 pima HbA1c (kipimo cha damu kinachoonyesha wastani wa sukari ya miezi 2 hadi 3), umpelekee daktari majibu pamoja na daftari lako la vipimo. Dozi ataibadilisha yeye.