Jinsi ya kupanga bei ya taswira za majengo kwa msanii anayejitegemea

Taswira ya jengo ni picha inayotengenezwa kwa kompyuta kuonyesha jengo litakavyoonekana. Mteja huuliza bei ya picha, nawe unauza saa. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuanza na saa hizo hadi kufikia bei moja unayoweza kuitetea.

Hatua ya 1: Pata thamani ya saa yako. Jumlisha mahitaji yako ya mwaka mzima: matumizi ya nyumbani, kodi, umeme, intaneti, leseni za programu kama 3ds Max na V-Ray, na akiba ya kubadilisha kompyuta. Programu ya Blender haina ada, lakini modeli (maumbo ya kompyuta ya pande tatu) za miti na fanicha mara nyingi hununuliwa, kwa hiyo nazo zihesabiwe. Kisha gawanya jumla hiyo kwa saa zinazolipwa tu. Wiki 46 za saa 40 ni saa 1,840. Ukiondoa muda wa kutafuta wateja, kuandika makadirio na kufuatilia madeni, chukulia kwamba asilimia 60 ndiyo italipwa, yaani saa 1,104. Anayegawanya kwa 1,840 amejikata asilimia 40 kabla mteja hajaomba punguzo.

Hatua ya 2: Vunja kazi vipande. Kwa picha ya nje ya nyumba ya kawaida, makadirio yanaweza kuwa hivi: kusoma michoro saa 2, kujenga modeli saa 10, mwanga na mwonekano wa vifaa vya ujenzi saa 5, bustani na mandhari saa 3, kurenda (kuiachia kompyuta itoe picha kamili kutoka kwenye modeli) kwa majaribio na kuhariri saa 4. Jumla ni saa 24. Picha ya pili ya nyumba hiyohiyo, kutoka pembe nyingine, huenda ikahitaji saa 5 tu, kwa hiyo bei ya kila picha isiwe sawa. Msanifu akisema modeli ya programu ya SketchUp ipo tayari, omba faili kwanza: nyuso zilizogeuzwa ndani nje na kuta zinazopandana zinaweza kuifanya kazi ya kusafisha iwe ndefu kuliko kujenga upya.

Hatua ya 3: Hesabu muda wa mashine. Video ya dakika moja yenye fremu (picha moja moja) 25 kwa sekunde ina fremu 1,500. Kila fremu ikichukua dakika 10, hizo ni saa 250, yaani zaidi ya siku kumi bila kompyuta kuzimwa. Ukilazimika kukodi seva za kurenda, gharama hiyo iandikwe peke yake katika kadirio.

Hatua ya 4: Wekea marekebisho mipaka. Hapa ndipo faida nyingi hupotelea, na kwa maoni yangu hatua hii ina uzito kuliko hesabu zote zilizotangulia. Kabla ya kuweka rangi yoyote, tuma picha ya kijivu inayoonyesha umbo la jengo na pembe ya kamera, upate kibali kwa maandishi. Baada ya hapo, dirisha ulilolikosea kinyume cha mchoro unalirekebisha bure, lakini dirisha ambalo msanifu amelihamisha katika mchoro mpya ni kazi mpya. Sentensi kama hii hutosha: “Bei hii inajumuisha awamu mbili za marekebisho ya rangi, mwanga na vifaa; mabadiliko ya usanifu baada ya picha ya kijivu kuidhinishwa yatatozwa kwa saa.” Mteja naye atume maoni yake yote ya awamu moja kwa pamoja, la sivyo awamu mbili zitageuka ishirini.

Hatua ya 5: Andika kadirio. Zidisha saa kwa thamani yake, ongeza asilimia 15 hadi 20 kwa yasiyotarajiwa, kisha mpe mteja bei moja ya kazi nzima, ukiacha gharama ya seva iliyoandikwa peke yake. Ukimwonyesha saa, mazungumzo yatahusu kasi yako. Omba nusu ya malipo kabla ya kuanza, na hadi salio lilipwe tuma picha ndogo yenye alama ya maji (jina lako kwa maandishi hafifu juu ya picha). Eleza pia kwamba unachouza ni picha: faili la modeli, ambalo mtu mwingine anaweza kulitumia kutengeneza picha nyingine kumi, lina bei yake.