Picha za safari zifike Drive zenyewe: kuunganisha simu za waongoza watalii na hifadhi ya mtandaoni

Mwongoza watalii ameshuka lango la Mweka, Mlima Kilimanjaro, na picha 300 za wageni, na wageni wanaruka kesho asubuhi kutoka KIA. Ofisi, iwe Moshi au Arusha, inazitaka picha hizo leo, kwa ubora wake wote, si zile zilizobanwa na WhatsApp. Kazi hii simu inaifanya yenyewe, bila mtu kutuma picha moja moja, ukishaunganisha programu ya kusawazisha faili (inayolinganisha folda ya simu na folda ya mtandaoni) na akaunti ya Google Drive. Kuunganisha kwenyewe ni dakika tano. Kinachopoteza picha ni mambo mawili ambayo watu huyapita harakaharaka: mwelekeo wa usawazishaji na ruhusa ya betri. Hapo ndipo pa kutulia.

Akaunti kwanza

Usitumie akaunti inayopokea barua za wageni. Google inatoa GB 15 bure, na Gmail, Drive na Google Photos zinagawana hizohizo. Tangu 2024 nakala ya WhatsApp ya simu za Android nayo inahesabiwa humo. Zikijaa, hazigomi picha peke yake: Gmail nayo huacha kupokea barua. Mgeni aliyeandika kutoka Ujerumani kuuliza bei ya njia ya Lemosho anarudishiwa barua yake, na wewe hujui kama aliwahi kuandika. Kwa kampuni ya utalii hasara hiyo inazidi ya picha zenyewe. Fungua akaunti nyingine, ya picha tu.

Ipo sababu ya pili. Programu ya kusawazisha itaomba ruhusa ya kuona, kuhariri, kuunda na kufuta faili zote zilizomo kwenye Drive. Akaunti ikiwa na picha peke yake, huna la kuhofia. Ikiwa na mikataba, mahesabu na nakala za pasipoti, umempa kila mwenye simu hiyo ufunguo wa kabati zima.

Ofisi nyingine huwaachia waongozaji watumie akaunti zao binafsi, kisha huwashirikisha folda moja ya ofisi. Ni njia nyepesi, ila ina kasoro kubwa. Kwenye Drive ya kawaida faili ni mali ya aliyeipakia, hata kama imo ndani ya folda ya mwingine. Inakula nafasi yake, na akiacha kazi akasafisha akaunti yake, picha zinaondoka naye.

Piga hesabu kabla ya kuanza. Picha ya kamera ya megapikseli 12 huwa kati ya MB 3 na 5. Tukichukua 4, picha 300 ni GB 1.2, na GB 15 zinabeba safari 12 hivi kabla ya kuhamisha za zamani kwenye diski ya nje. Kwa Wi-Fi inayopandisha megabiti 2 kwa sekunde, safari moja inachukua kama dakika 80. Video ni habari nyingine: dakika moja ya 1080p inaweza kufika MB 130, kwa hiyo dakika kumi tu zinazishinda picha zote 300.

Kuunganisha

Fanya hivi ofisini, siyo kwenye maegesho ya lango la Machame dakika tano kabla ya kupanda. Google ikiona simu mpya itataka uthibitisho, na msimbo utatumwa kwenye simu ya mwenye akaunti. Washa uthibitishaji wa hatua mbili, kisha chapisha zile namba 10 za akiba zinazotolewa na Google na uzifungie kabatini. Kila namba inatumika mara moja tu. Laini ikipotea, karatasi hiyo ndiyo itakayokurudisha ndani.

Kwenye simu ya Android, sakinisha Autosync for Google Drive kutoka Play Store. Toleo la bure linasawazisha jozi moja tu ya folda, yaani moja ya simu na moja ya Drive, na halipakii faili inayozidi MB 10. Kwa kazi hii hilo ni jema: picha zinapita, video kubwa zinabaki kwenye simu na hazikumalizii nafasi. FolderSync nayo inafaa ukitaka jozi nyingi.

Fungua programu, gusa sehemu ya kuunganisha akaunti, chagua ile akaunti ya picha. Hapa angalia vizuri: ukurasa unaoomba nenosiri lazima uwe wa Google yenyewe. Programu ya kusawazisha haipewi nenosiri lako. Google inaikabidhi tokeni, yaani kibali kinachoweza kufutwa wakati wowote bila kubadili nenosiri. Programu yoyote inayokutaka uandike nenosiri la Google kwenye kisanduku chake yenyewe, iondoe.

Sasa tengeneza jozi. Upande wa simu chagua DCIM/Camera, folda ambamo kamera huweka picha. Android 11 na kuendelea itaomba ruhusa ya kufikia faili zote. Ukikataa, folda itaonekana tupu na utadhani programu ni mbovu. Upande wa Drive, mpe kila mwongozaji folda yake. Simu nyingi huzipa picha majina ya tarehe na saa, hivyo simu mbili zikipiga sekunde ileile pale kilele cha Uhuru, majina yanaweza kufanana. Drive inakubali faili mbili zenye jina moja. Programu ya kusawazisha ndiyo inayochanganyikiwa.

Mwelekeo

Programu itakuuliza faili ziende vipi. Mara nyingi chaguo la kwanza ni pande zote mbili, na ndilo linaloumiza watu. Pande zote mbili maana yake simu na Drive zifanane daima. Mwongozaji akiwa kambi ya Barafu simu ikamjalia, atafuta picha 200 ambazo anajua zilishapanda tangu hotelini. Akishuka na mtandao ukarudi, programu inaona picha 200 hazipo kwenye simu, basi inazifuta na kule Drive. Haijakosea, imefanya ulichoiambia. Kupakia kwa mfano wa kioo nako kuna tabia hiyohiyo: Drive inalazimishwa kufanana na simu.

Chagua kupakia tu. Kinachoongezwa kwenye simu kinapanda, kinachofutwa kwenye simu hakigusi Drive. Lipo pia chaguo la kupakia kisha kufuta, linalopunguzia simu mzigo, ila usiliguse mpaka mpangilio wote umekaa sawa kwa safari mbili tatu.

Kama maji yameshamwagika, fungua Drive kwenye kompyuta uangalie pipa la taka. Faili hukaa humo siku 30, kisha hufutwa moja kwa moja. Ndani ya siku hizo chagua zote na uzirejeshe.

Bando na betri

Weka programu ipakie kwa Wi-Fi peke yake, na ikiwezekana simu ikiwa kwenye chaji. Kuna mtego: hotspoti ya simu ya dereva nayo ni Wi-Fi machoni pa simu ya mwongozaji. Gari likiwa njiani kutoka Karatu kurudi Arusha, GB 1.2 za picha zinaweza kumaliza bando la dereva kabla ya Makuyuni. Nenda kwenye mipangilio ya mtandao huo wa Wi-Fi, uueleze kuwa ni mtandao wenye kikomo cha data.

Malalamiko ya "ilikuwa inapakia, ikaacha" karibu kila mara chanzo chake ni betri. Android huzilaza programu zisizofunguliwa muda mrefu. Nenda Mipangilio, Programu, chagua Autosync, ingia sehemu ya betri, uiondolee vikwazo. Kwenye Tecno na Infinix hilo halitoshi: fungua pia Phone Master, tafuta usimamizi wa programu zinazojiwasha zenyewe, uiruhusu. Kwenye Samsung hakikisha haimo kwenye orodha ya programu zilizolazwa.

Kwa iPhone, habari ni fupi. Ukisakinisha programu ya Drive, Dropbox au OneDrive, unaweza kuiwasha ndani ya programu ya Faili na kuzisoma faili zako, lakini Drive haitapandisha picha za kamera yenyewe. Tumia Google Photos kwa akaunti ileile, au Dropbox, ukikumbuka kwamba Dropbox ya bure ni GB 2 tu.

Jaribu kabla ya kuamini

Andika tarehe ya leo kwenye karatasi, ipige picha, unganisha Wi-Fi, funga programu, weka simu mezani. Baada ya saa moja fungua drive.google.com kwenye kompyuta. Karatasi ikiwepo, sasa ifute kwenye simu, amuru programu isawazishe tena, kisha tazama upya kule Drive. Ikiwa bado ipo, mwelekeo uko sawa. Ikiwa imetoweka, rudi kwenye mwelekeo kabla simu haijatoka mlangoni.

Isipofika kabisa, soma ukurasa wa historia ndani ya programu, halafu angalia saa. Simu iliyozimika kwa baridi ya mlimani ikawaka na tarehe ya miaka iliyopita haiwezi kuunganishwa na Google, maana vyeti vya usalama vinakataliwa. Washa tarehe na saa za mtandao. Simu iliyokaa droo miezi 6 bila kusawazisha, tokeni yake imeshakufa; unganisha akaunti upya.

Nakala za pasipoti za wageni zisipite njia hii. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inakubebesha wajibu wa kuzilinda. Mwongozaji anayepiga picha ya pasipoti kwa kamera ya kawaida ataiona imepanda pamoja na twiga, kwa hiyo zipokelewe ofisini, kwenye akaunti ya ofisi. Na folda ya picha za wageni ishirikishwe kwa barua pepe ya mgeni mwenyewe, siyo kwa kiungo kinachofunguliwa na yeyote.

Simu ikiibiwa au mtu akiacha kazi, ingia kwenye akaunti ya Google kupitia kompyuta, sehemu ya usalama. Itoe simu hiyo kwenye orodha ya vifaa kwanza, kisha kwenye orodha ya programu zilizounganishwa ondoa kibali cha Autosync. Kibali ni kimoja kwa akaunti nzima, hivyo simu za waongozaji waliobaki zitakataa pia mpaka uziunganishe upya, moja baada ya nyingine. Picha zilizokwisha kupanda hazidhuriki.