Somo: Sosi ya piza kwa tungule za sokoni, pamoja na masuali ya wanachama

Adui wa sosi ya piza ni maji. Tungule ina maji zaidi ya sehemu 9 katika 10, na yale yasiyotoka sufuriani yatatokea juu ya unga: piza inaiva pembeni, katikati inabaki teketeke. Hatua nyingi hapa chini kazi yake ni kuyatoa maji hayo bila ya kuipoteza ladha.

Jambo jengine: hii si mchuzi. Bizari, tangawizi na tui tuviache kabatini. Wala hatuzungumzii piza ya Forodhani, ile ya chapati nyembamba inayofungiwa nyama na yai ikakaangwa. Ile haipakwi sosi, ingawa ukiichovya kwenye hii hutojuta.

Vipimo vya piza 4 za upana wa sentimita 30

Tungule mbivu kilo 1. Kitunguu maji kidogo 1. Thomu punje 3. Mafuta ya zeituni vijiko 2 vya chakula. Oregano kavu kijiko 1 cha chai. Chumvi kijiko 1 cha chai. Pilipili manga kidogo. Majani 4 ya rehani. Sukari nusu kijiko cha chai weka karibu, usiitie kabla ya kuonja.

Hatua ya 1: Kuchagua tungule

Chukua zile ndefu zenye umbo la yai. Nyama yake ni nene na mbegu ni chache. Za duru kubwa zinapendeza kwenye kachumbari lakini zinajaza maji. Ukikata moja na ukaona nyeupe katikati, hiyo huenda ilichumwa mbichi ili ihimili safari. Zipange kwenye sinia, kitako juu, siku 2 au 3 nje ya friji. Ndani ya friji kuiva kunasimama, na harufu inapungua.

Hatua ya 2: Kumenya

Kata alama ya msalaba kitakoni, tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 hadi 60, kisha hamishia kwenye maji baridi. Ganda linavuka lenyewe kwa kidole. Usizidishe dakika, nyama ya nje itaanza kupikika na kubaki kwenye ganda.

Hatua ya 3: Kutoa mbegu bila ya kutupa utamu

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wanaikamua tungule ndani ya sinki, mbegu na ute wote vinakwenda. Ule ute unaozunguka mbegu ndio wenye ladha nyingi kuliko nyama yenyewe. Kamulia juu ya chujio lililowekwa kwenye bakuli, sugua kwa mgongo wa kijiko mpaka zibaki mbegu tupu, tupa mbegu, maji ya ute rudisha. Nyama iponde kwa mkono au ikatekate kwa kisu.

Hatua ya 4: Kukaanga

Tumia chombo kipana, kwani mvuke hutoka kwa upana na si kwa kina. Kiwe cha stili. Sufuria ya alumini inaathirika na ukali wa tungule, na sosi inapata ladha ya chuma. Pasha mafuta kwa moto mdogo, tia kitunguu kilichokatwa chembamba sana, kilainike dakika 6 bila ya kubadilika rangi. Tia thomu iliyopondwa. Hesabu sekunde 30, harufu ikipanda tu mimina tungule. Thomu ikifika rangi ya kahawia imeshakuwa chungu, na hakuna kitakachoutoa uchungu huo. Anza upya, thomu si ghali.

Hatua ya 5: Kupunguza maji

Tia nusu ya chumvi tu, kwa sababu sosi ikipungua chumvi inazidi kuonekana. Moto wa wastani, bila ya kufunika, dakika 35 hadi 45. Mwanzo koroga mara moja moja; dakika 10 za mwisho usiondoke, inashika chini. Hapo ndipo tia oregano, ukiifikicha baina ya viganja.

Kujua kama imeiva, pitisha mwiko katikati ya sufuria. Njia ikijifunga papo hapo, bado. Ikikaa wazi mpaka ukahesabu tatu, ipua. Hakikisha tena: dondosha kijiko kimoja kwenye sahani, ngoja dakika moja. Ukiona duara la maji limejitenga pembeni, irudishe jikoni. Inayobaki ni karibu mililita 400.

Hatua ya 6: Kumalizia

Onja ukiwa umeshaipua. Tia chumvi iliyobaki kidogo kidogo, pilipili manga, na rehani iliyochanwa kwa mkono. Wacha ipoe kabisa. Sosi ya moto juu ya unga mbichi inaulainisha, na piza itanasa kwenye sinia.

Kila piza vijiko 6 vya chakula, si zaidi. Paka kwa mgongo wa kijiko kutoka katikati, acha sentimita 2 pembeni. Unga uonekane kwa mbali chini ya wekundu.

MASUALI

Mwanachama, Wete: Assalaam alaykum. Mimi nilisaga yote kwenye blenda, ikatoka rangi ya chungwa na povu. Imeharibika?

Jibu: Wa alaykum salaam, dada. Haijaharibika. Blenda imeingiza hewa na kuyachanganya mafuta na maji, ndiyo rangi ikafifia. Ichemshe taratibu dakika 10, wekundu utarudi kiasi. Ila kama ulisaga na mbegu, uchungu utausikia. Ukitaka laini, saga kabla ya kutia mafuta, kwa mikupuo mifupi 3 au 4.

Mwanachama, Chake Chake: Oregano huku kwetu siipati kila siku. Rehani peke yake inatosha?

Jibu: Inatosha, lakini usizidishe. Rehani yetu harufu yake kali, majani 4 kwa kilo ni ya kutosha, na yatiwe baada ya kuipua. Yakichemka harufu inakwenda na majani yanakuwa meusi.

Mwanachama, Mwanakwerekwe: Nimesikia Naples hawapiki sosi kabisa. Sasa tunajichosha nini?

Jibu: Kweli, kule wanaponda tungule na chumvi, basi. Lakini tanuri lao linapita nyuzi 430 na piza inatoka kwa sekunde 60 hadi 90. Oveni ya nyumbani inaishia 250, na tungule nyingi za hapa ni za maji. Ukipata nzuri sana, jaribu: ponda, tia chumvi, chuja saa nzima.

Mwanachama, Mkoani: Shikamoo maalim. Sina oveni, napalia makaa juu na chini kama mkate wa kumimina. Sosi inachuruzika kila mara.

Jibu: Marahaba. Mkungu (kifuniko) unazuia mvuke, maji hayana pa kutokea. Sosi yako iwe nzito zaidi, ihesabu tano badala ya tatu, na upake vijiko 4. Unga uanze peke yake dakika 4, ndipo upake. Makaa mengi yawe juu, chini machache.

Mwanachama, Jang'ombe: Yangu kali, inachoma ulimi.

Jibu: Tungule hazikuiva. Robo kijiko cha chai cha sukari, koroga, onja, kisha robo nyengine. Bado? Tia siagi kijiko cha chai. Ukisikia utamu wa sukari wenyewe, umeshapita.

Mwanachama, Wete (tena): Inakaa muda gani?

Jibu: Friji siku 4, kwenye chupa safi yenye kifuniko. Friza miezi 3. Gawa vijiko 6 kwa kila mfuko, ubapishe ili igande haraka. Isilale juu ya meza zaidi ya saa 2. Umeme ukikatika ikayeyuka na kupata joto, usiigandishe tena.