Jinsi ya kuomba cheti cha mazingira Zanzibar kabla ya kujenga ufukweni

Ukitaka kujenga nyumba ya wageni Jambiani au Matemwe, usianze na fundi. Anza na Mamlaka ya Usimamizi wa Mazingira Zanzibar, ZEMA. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira namba 3 ya 2015 inataka miradi yenye athari kubwa ifanyiwe tathmini na ipate cheti kabla ya ujenzi. Cheti cha NEMC, baraza la mazingira la Bara, hakikufai huku, maana mazingira si jambo la Muungano.

Hatua ya kwanza ni kupeleka maelezo ya mradi: hati ya ardhi, ramani ya eneo, michoro ya awali, idadi ya vyumba. Eleza maji utayatoa wapi na maji machafu yatakwenda wapi. Kuandika "tutachimba kisima" hakutoshi. Taja lita ngapi kwa siku. Kwa maelezo hayo Mamlaka itaamua kama mradi unahitaji tathmini kamili.

Ukitakiwa kufanya tathmini kamili, tafuta mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa, naye aandae hadidu za rejea, yaani maelezo ya mambo atakayoyachunguza, zikubaliwe na Mamlaka kabla hajaanza kazi. Soma mwenyewe kila anachoandika. Niliwahi kushika ripoti ya hoteli ya pwani ya mashariki ya Unguja iliyozungumzia kulinda kingo za mto. Pwani ile haina mto! Ripoti ilinakiliwa kutoka mradi mwingine, na mwenye mali alikuwa ameilipia.

Sasa nenda kiwanjani pamoja na mtaalamu wako, na hapa usiwe na haraka. Nenda siku za bamvua, bahari inapojaa na kutoka kuliko siku nyingine, maji yakiwa yamejaa. Tafuta mstari wa majani makavu yaliyotupwa na bahari. Umbali wa jengo lako upimwe kutoka huko, si kutoka maji ya siku ulipooneshwa kiwanja. Ukuta ukijengwa karibu mno, wimbi huupiga na kurudi na mchanga, na ufukwe wa jirani unaliwa. Rudi tena maji yakitoka, uone vijiti na kamba za mwani ziko wapi, na akina mama wanaoulima wanapitia njia gani.

Kisha kisima. Upande ule ardhi ni jiwe la matumbawe lenye mianya tele, na maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi. Ukivuta kupita kiasi, chumvi inapanda, na visima vya kijiji vinaharibika pamoja na chako. Mianya hiyohiyo hupeleka maji ya choo baharini. Ripoti ioneshe namna utakavyoyasafisha.

Mwombe sheha, kiongozi wa serikali katika shehia, aitishe kikao cha wananchi, ila kisiwe saa ambazo maji yametoka siku za bamvua: wakulima wa mwani watakuwa shambani, nao ndio wenye la kusema. Ambatisha mahudhurio na kila pingamizi lililotolewa.

Wasilisha ripoti pamoja na mpango wa usimamizi wa mazingira, lipia ada, kisha jibu hoja za wakaguzi kwa maandishi.

Cheti huja na masharti. Yabandike ofisini kwako, mkandarasi apewe nakala, na daftari la kupima chumvi ya kisima lifunguliwe siku kisima kinapoanza kutoa maji.